Reli ya milimita 12: namna tulijenga treni ya mawe juu ya meza



Siku ya 1 Mai, kisha mkutano, mtoto mmoja wa kambi alituuliza: « Treni ya mawe inafananaka namna gani? » Hakuuliza kwa mchezo. Nyumba yao iko karibu na njia ya reli, lakini tangu kuzaliwa anaona malori tu ndiyo yanabeba mawe. Tulimweleza kwa mdomo, hakushika. Basi sisi watu watatu wa sendika tukapatana: tutaijenga, hata iwe ndogo, aione kwa macho.

Kati yetu mmoja ni fundi wa kuchoma vyuma, wa pili ni wa umeme, wa tatu anafanya kazi ya kupakia. Mambo ya reli hatukuyajua vizuri. Tukaenda kwa muzee mmoja, mashinisti wa zamani, ambaye yuko mu pansiyoni tangu miaka mingi. Macho yake imeshikwa na mtoto wa jicho: anaona mwangaza na kivuli, basi. Akatuambia: « Mujenge. Kila jioni muniletee, nitapapasa na mikono. Penye kuko bongo, nitawaambia. »

Hesabu kwanza

Kitu kidogo kikijengwa bila kipimo, kinabaki cha kuchezea. Tulichagua kipimo cha 1/87, kile ambacho watu wengi wa kazi hii wanatumia huko Ulaya. Maana yake, kila kitu cha kweli unakigawanya kwa 87. Mtu wa mita 1 na sentimita 74 anakuwa wa sentimita 2. Wagoni ya mita 12 inakuwa ya sentimita 14 hivi.

Hapo tukapata tatizo la kwanza. Treni ndogo za kuuzwa za Ulaya za kipimo hiki zina reli ya milimita 16.5, juu kule reli kubwa ina upana wa milimita 1435. Reli ya kwetu ni nyembamba: milimita 1067, sawasawa na ya Zambia na Afrika ya Kusini, kwa sababu ilitoka upande ule. Treni ya kwanza ilifika Lubumbashi mwaka wa 1910, ikipitia Sakania. Ukigawanya 1067 kwa 87, unapata milimita 12. Muzee alifurahi kusikia hiyo hesabu. Akasema: « Njo vile. Mukiweka ya Ulaya, hata mimi kipofu nitajua kama haiko ya kwetu. »

Tatizo la pili ni urefu. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, kwa barabara, ni karibu kilomita 120. Kwa kipimo chetu ingekuwa karibu mita 1400: tungepita nyumba zote za kambi mpaka kwenye soko! Sisi tulikuwa na nusu ya tripuleksi moja, mita 2 na sentimita 44. Hiyo ni kama mita 212 za kweli. Kwa hiyo tulichagua pahali padogo: njia moja kubwa, njia ya pembeni ya kupakia mawe, na nguzo za umeme juu yake. Tulifikiria kipande cha Likasi–Tenke, ambacho kilianza kupata treni za umeme mwaka wa 1952, wakati inchi nyingi za dunia zilikuwa zingali na mashini za moshi. Batoto wetu hawajui hiyo. Hata sisi, tulikuwa tumeisahau.

Vitu vilivyotupwa

Hatukununua vitu vingi. Reli ni waya wa shaba wa umeme, tulioutoa ngozi na kuunyoosha kwa kuuvuta. Vilalio vya reli ni njiti za kiberiti, tulizozipaka mafuta meusi ya mota. Kilima ni frigoliti iliyotoka mu boksi ya televizyo. Wagoni ni karton ya boksi ya viatu, na magurudumu ni vifungo vya shati: kifungo kina karibu sentimita 1, na gurudumu ya kweli inakaribia sentimita 87. Waya mwembamba wa juu ulitoka mu bobini ya radio iliyokufa. Mota hatukuweka. Treni yetu inavutwa na uzi.

Kwa kokoto ya chini ya reli, tulichunga mchanga na kichungio cha chai. Jiwe la sentimita 5 linakuwa punje isiyofika milimita 1. Udongo mwekundu ni wa hapa hapa, tuliuchunga mara tatu.

Kuna jambo moja tuliligombania. Kamaradi mmoja alileta mawe ya kweli ya kijani, malakita, tuyasage tujaze wagoni. Tulikataa. Bandugu, mavumbi ya mawe yetu tunayajua: ndani hamuna shaba peke yake, muna kobalti na vitu vingine, na vinaingia mu kifua. Tunapigania maski ku kazi, kisha tusage mawe mu nyumba, batoto wakiwa karibu? Tulipaka mchanga rangi ya kijani iliyobaki ya mlango. Mu foto hakuna mtu anaona tofauti.

Mtu wa sentimita 2

Watu tuliwatengeneza na waya na karatasi iliyolowa kole. Tuliwapanga vile tuliona inapendeza: mmoja kwenye nguzo, wawili wanaongea, mmoja katikati ya wagoni mbili, mkono wake kwenye kifungio. Huyo tulimpenda sana, juu alionekana mtu wa kazi.

Jioni muzee akaja. Akapapasa reli, akacheka. Akapapasa nguzo, akasema moja imeinama. Halafu vidole vyake vikafika kwa yule mtu wa katikati. Akanyamaza.

« Huyu anafanya nini hapa? »

« Anafunga wagoni, papa. »

« Mashini iko imesimama ao inarudi nyuma? »

Hatukuwa tumefikiria hiyo.

« Mumutoshe, » akasema. « Mutu haingiake mu kati kama mashini haiyasimama kabisa, na kama mashinisti hajamujibu. Mimi nilikuwa juu ya mashini siku moja. Sikuona mukono wake. »

Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza. Tulimtoa yule mtu, tukamsimamisha pembeni, mbali na reli, mkono juu, pahali ambapo mashinisti anaweza kumwona. Tangu siku ile, tukionyesha maketi hii kwa vijana wanaoanza kazi, tunaanza na yule mtu. Tunawauliza: juu ya nini anasimama pale? Wanajibu haraka kuliko tukiwasomea sheria kwenye karatasi.

Namna ya kupiga foto

Tulijua tangu mwanzo kwamba kazi yetu haitakaa. Ni karton, njiti na kole ya unga. Mchwa wanaipenda, na mvua ikianza, paa letu linavuja. Kwa hiyo tulipanga kuipiga foto mbele ya mvua, mu mwezi wa tisa.

Foto za kwanza zilikuwa mbaya. Tulisimama wima, tukapiga kutoka juu, na kila mtu aliona meza yenye vitu vidogo. Tukajifunza hivi:

Simu ishuke mpaka kwenye macho ya yule mtu wa sentimita 2. Kwa sababu jicho la simu liko juu, tuliigeuza kichwa chini, tukaiegemeza kwa boksi ya kiberiti. Mara moja wagoni zikawa kubwa.

Tulibeba tripuleksi inje, saa kumi za jioni. Jua ni moja, kivuli ni kimoja. Mu nyumba, ampuli mbili zinatoa vivuli viwili, na jicho linajua kwamba ni bongo. Nyuma hatukuchora mawingu: mbingu ya kweli ilikuwa pale.

Usikaribie sana. Ukikaribia, kitu cha mbele kinaonekana vizuri na cha nyuma kinakuwa moshi. Rudi nyuma kidogo, kisha kata foto baadaye.

Safisha na burashi mbele ya kila foto. Unywele mmoja tu unaonekana kama kamba iliyoanguka juu ya reli. Mwisho wa njia tuliweka kioo kidogo, nyuma ya majani, na reli ikaendelea kama haina mwisho.

Tulipiga foto nyingi, tukabakiza tisa, tukazitoa kwenye karatasi.

Mama aliyekuja kuona

Siku tulionyesha foto na maketi kwa familia, mama mmoja mjane alizunguka meza mara mbili. Bwana yake alikufa ku reli, ku kazi ya kupanga wagoni. Akamwuliza muzee: « Papa, ilikuwa wapi? » Kumbe walijuana siku nyingi. Muzee akashika mkono wake, akatafuta na vidole, akauweka pale njia ya pembeni inapoachana na njia kubwa. Wakabaki vile, mkono juu ya mkono. Batoto walikuwa wanavuta uzi wa treni. Mtu mmoja akawaambia wangoje.

Mama akaomba foto ya pahali pale. Akatueleza kwamba miaka yote, batoto wake walikuwa wanamwuliza, naye hakuwa na kitu cha kuwaonyesha, juu mu kazini hakuingiaka. Tulimpa foto ambayo yule mtu mdogo anasimama pembeni, mkono juu.

Mvua imekwisha kuanza. Kona moja ya kilima mchwa wamekula. Foto nane ziko mu biro ya sendika, mnaweza kuja kuziona. Mwaka ujao tunataka kujenga kisima cha mgodi pamoja na mnara wake wa kushushia watu, na tunatafuta muzee aliyefanya kazi chini ya ardhi atukosoe. Frigoliti na waya wa zamani, msitupe. Mutuletee.