Soketi ya Taa Haiunguzwi na Balbu

"Fundi, hii balbu ina moto mno, imeyeyusha soketi. Nipe yenye moto mdogo." Maneno haya nayasikia Kilwa Masoko kutoka kwa madereva wa Hiace za Nangurukuru, na kutoka kwa wakazi wa Kilwa Kisiwani wanaovuka kwa boti na kulikuta gari walilolilaza huku ng'ambo lina taa moja. Nimechoka kuyasikia, kwa sababu anayeyasema huwa ameshabadilisha balbu kwingine na soketi bado inaungua.

Ichomoe hiyo soketi uitazame. Ya balbu aina ya H4, ambayo ndiyo iliyo kwenye magari mengi ya zamani huku kwetu, ina matundu matatu. Plastiki imeyeyuka sawasawa pande zote? Mara nyingi utakuta tundu moja limekuwa jeusi na limelegea, mengine mawili yana nafuu kubwa. Lau moto ungekuwa wa balbu, yangeungua yote matatu, maana ndimi zote za balbu zinatoka kwenye kitako kimoja. Moto umezaliwa ndani ya tundu lile lile, pale ulimi wa balbu unapogusana na temino iliyolegea au iliyoingia kutu.

Hesabu yake si ngumu. H4 ya kawaida ni wati 60 kwa ful na 55 kwa dimu. Kwa volti 12, ful inavuta ampea 5. Mguso mzuri hauna ukinzani wa kutajika. Ukiharibika hadi ukafika sehemu moja ya kumi ya omu, unazaa joto la wati mbili na nusu kwenye kibati kidogo kilichofungiwa ndani ya plastiki. Joto linalegeza temino, temino iliyolegea inazidisha ukinzani, na ukinzani unazidisha joto. Wewe uliyeshauriwa kuweka balbu ya wati 100 ili uone mbali unavuta zaidi ya ampea 8, na kwenye mguso huo huo joto linakaribia mara tatu, kwa kuwa hupanda kwa mraba wa ampea. Na mbali huoni: volti zikipungua kwa asilimia 10 kabla ya kufika kwenye balbu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hufukuliwa Kisiwani zimevaa ukijani. Waya wa gari lako nao ni shaba, na upepo wa bahari hauubagui. Ukijani huo hauishii kwenye ncha, hutambaa ndani chini ya ganda la waya ambako jicho halifiki.

Ndiyo maana dawa za mitaani hazidumu. Msasa unakwangua bati lililopakwa kuikinga temino, na kutu inarudi haraka kuliko kwanza. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni alumini. Ikutanishe na shaba penye unyevu wa chumvi uone inavyoliwa. Inayonikera zaidi ni soketi ya kauri, kwa sababu inauzwa kama utaalamu. Kauri haiyeyuki, ni kweli. Lakini ikiungwa kwenye waya ule ule ulioliwa, au temino zake zikiwa legelege, joto liko pale pale; umeondoa tu plastiki iliyokuwa ikikuonya. Sasa linapanda kwenye waya, ganda linakakamaa na kupasuka, shaba inabaki uchi karibu na bodi. Gari linaweza kuwaka moto hivyo.

Ya kufanya ni haya. Fungua hasi ya betri. Kata waya kurudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, hata kama ni shibri nzima. Unga soketi mpya yenye nyaya zake nene, kwa viungio vinavyobanwa kwa koleo yake, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi hakukubaliki. Balbu ambayo ndimi zake zimekuwa nyeusi itupe, itaharibu soketi mpya. Usiguse kioo cha balbu mpya kwa vidole. Rudisha mpira wa nyuma ya taa. Rilei inasaidia sana, yenye fyuzi yake karibu na betri, lakini Toyota nyingi za zamani swichi yao inakata upande wa arthi, kwa hiyo fuata mchoro wa gari lako. Mwisho rudisha hasi ya betri, washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine nyuma ya temino ya moto. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna mguso mwingine mbovu njiani. Pima na upande wa arthi vivyo hivyo kabla hujamlipa fundi.