Mgeni Rodi Kopany? Laini yako iwe kwa jina lako

Umevuka mpaka Isebania, ukapita Migori na Rongo, sasa uko Rodi na unahitaji laini ya Kenya. Mwenyeji wako anasema, "Wacha nikusajilie kwa kitambulisho changu." Ni roho safi, lakini tunakuomba ukatae kwa heshima.

Simu ikipotea, anayeweza kurudishiwa laini ni mwenye kitambulisho. Sasa pesa ya kibarua ya mwezi mzima iko humo, na labda mmekosana, au amehamia Nairobi. Utadai vipi? Naye pia hayuko salama: utapeli ukifanyika kwa namba hiyo, jina lake ndilo litakalotafutwa. (Mwenyeji wa Safaricom, piga *106# uone namba zilizo kwa kitambulisho chako.)

Nenda mwenyewe kwa wakala aliyeidhinishwa ukiwa na pasipoti halisi, au kitambulisho cha mgeni kama unacho. Usajili ukiisha, weka PIN mwenyewe, wakala asiione. Halafu mwombe rafiki akutumie pesa kidogo. Jina litakalotokea kwake si lako? Usiondoke hapo dukani.