Chaza Hafunguliwi kwa Makali

Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Neno hilo ni kweli kwa mbuzi, na ni kweli kwa nguru na papa. Kisu cha kuchinjia nacho tumefunzwa tukinoe, mnyama asipate taabu. Lakini kwa chaza mkubwa mambo hugeuka: anayemwendea na kisu kikali cha jikoni aghalabu hukata kiganja chake kabla hajaionja nyama.

Chaza tumjuaye sana sisi watu wa pwani ni yule mdogo agandaye kwenye miamba na mizizi ya mikoko, ambaye hubanduliwa kwa nyundo au panga maji ya bamvua yakitoka. Katika majiko ya mahoteli kuna chaza mwingine, mwenye asili ya Japani, ambaye leo hufugwa Ufaransa, Namibia na Afrika Kusini. Huyo hufika sentimita 15, na akiachwa miaka mingi hupita 20. Kumgonga kwa nyundo ni kumharibu, kwani yataka afunguliwe mzima na maji yake yasimwagike.

Hebu tutazame jinsi alivyofungwa. Ana magamba mawili: la juu ni bapa, la chini lina shimo kama bakuli. Kwenye ncha yake nyembamba yameungwa kwa bawaba nyeusi, mfano wa mpira. Bawaba hiyo huyasukuma yafunguke. Kinachoyabana ni msuli mmoja ulio ndani. Kwa hiyo kisu kina kazi mbili, kuivunja bawaba kisha kuukata msuli, na ile ya kwanza yataka nguvu ya tindo, si makali ya wembe.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kununua, shika kisu mkononi kwanza. Bapa lake liwe fupi, sentimita 7 au 8, na mgongo wake usipungue milimita 3. Libonyeze kwa kidole gumba, likipinda, kirudishe. Ncha iwe imechongoka kiasi cha kupenya, lakini isiwe sindano, kwani sindano huvunjikia ndani. Mpini uwe mnene, ujae kiganjani, usiteleze ukilowa, na ule mkia wa chuma uwe umezama ndani yake mpaka mwisho. Chenye ngao kati ya mpini na bapa ni bora zaidi.

Wamarekani wana kisu kiitwacho New Haven, kifupi, chenye ncha iliyopinda juu. Kwa wale chaza wakubwa wa Ghuba ya Meksiko wana kiitwacho Galveston, kirefu na kipana zaidi, ili kiufikie msuli. Usipopata cha dukani, mhunzi hodari aweza kukufulia kwa kipande cha springi ya gari. Bisibisi liache: humega gamba likaingia nyamani, wala haliwezi kukata msuli.

Ukifungua, mlaze chaza juu ya kitambaa kilichokunjwa, bakuli likiwa chini, na mkono unaomshika uwe umevikwa glavu nene au kitambaa. Penyeza ncha kwenye bawaba, kisha zungusha kama ufunguo kitasani. Usisukume kwa pupa. Ikiachia, pangusa kisu, kisha kipitishe chini ya gamba la juu ukate msuli.

Hatari haiishi kwenye damu. Katika maji ya bahari yenye joto, na ndani ya chaza wenyewe, huishi vijidudu viitwavyo Vibrio, ambavyo huingia mwilini kwa jeraha dogo tu. Mwenye maradhi ya ini au kisukari huweza kupoteza mkono, hata uhai. Ukijikata, osha kwa sabuni na maji safi. Mkono ukivimba na homa ikapanda, usingoje kupambazuke, nenda hospitali.

Kisu kizuri kina bei, na wengi huionea uchungu. Lakini kisu hununuliwa tena. Kiganja hakina duka.