Rupia ya Tembo na Wachimbaji wa Nyasa

Hadithi za mali ya Mjerumani hazikauki mwambao wa Ziwa Nyasa. Kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na kupanda milimani Mbinga, jiwe lenye alama au msingi wa nyumba kuukuu hautazamwi bure: chini yake, watu husema, kuna dhahabu. Liuli ndiyo usiseme. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na hapo, tarehe 13 Agosti 1914, Gwendolen ya Waingereza iliishambulia meli yao Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Ila sarafu ya dhahabu inayogombewa na wakusanyaji ilizaliwa mbali. Ni ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, baada ya manowari za Waingereza kuziba bahari na fedha kutoka Ujerumani kukatika. Dhahabu ilitoka Sekenke. Upande mmoja yupo tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Chini, mwaka na herufi T ya Tabora. Upande wa pili, tai wa Kaisari. Zilipigwa 16,198 tu, kila moja gramu 7 na ushei, robo tatu yake dhahabu. Minadani Ulaya moja huuzwa kwa maelfu ya euro.

Sasa piga hesabu. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na mwezi huohuo Songea ikaangukia mikononi mwa Waingereza, ambao ziwa walishalishika. Tembo huyo angepita wapi aje kufukiwa Nyasa? Askari mmoja kuja naye mfukoni, sikatai. Sanduku zima, hapana.

Kinachookotwa mashambani ni rupia ya madini ya fedha, yenye sura ya Wilhelm II na kofia yake ya vita, au heller yenye tundu katikati. Kwa rupia hizo babu zetu walitozwa kodi ya kibanda, na aliyezikosa alifanyishwa kazi. Si dhahabu, wala si adimu.

Hapo ndipo matapeli wanapopatia ulaji. Wataing'arisha rupia hiyo, watasema ina zebaki nyekundu, eti kitu cha thamani kubwa, na kwamba kuna Mzungu Dar anaingoja kwa mamilioni. Mnunuzi aende kwanza kwenye mizani ya sonara, kisha amuulize muuzaji kwa nini asipande basi akampelekee Mzungu huyo mwenyewe.