Kiingilio kimoja, sanaa zote: Maonyesho ya baa yalivyostawi na yalivyomeguka

MGENI anayefika Arusha na kuuliza aende wapi jioni kuona sanaa za wenyeji hupewa majibu mengi. Akitaka ngoma ataelekezwa hotelini, ambako wachezaji hutumbuiza watalii wakati wa chakula cha jioni. Akitaka kwaya atasubiri Jumapili aende kanisani. Muziki wa kufokafoka utampeleka klabu ya usiku, na mchekeshaji atamkuta katika ukumbi wa harusi, akiwa mshereheshaji.

Kila sanaa ina mlango wake, na kila mlango una watu wake.

Haikuwa hivyo wakati wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkazi wa Dar es Salaam aliyelipa kiingilio kimoja katika ukumbi wa baa aliziona sanaa hizo kwa mfululizo, kwa muda wa saa nne hivi, akiwa kwenye kiti kilekile. Huo ulikuwa mchezo wa kuigiza wa muziki wa Kitanzania, ingawa hakuna aliyeuita kwa jina hilo. Wenyewe waliita onyesho tu.

Namna onyesho hilo lilivyozaliwa, na sababu za kumeguka kwake, ni habari inayoihusu Arusha zaidi ya inavyodhaniwa.

Usiku ulivyokwenda

Kwa kawaida pazia lilifunguliwa kwa ngoma za asili. Sindimba ya Wamakonde ingeweza kufuatwa na msewe wa Pemba, kisha akaingia mchezaji wa ngoma ya Kisukuma akiwa na nyoka hai shingoni, na waliokaa viti vya mbele wakaanza kurudi nyuma. Baada ya hapo walikuja vijana wa sarakasi, na pengine bingwa wa mazingaombwe.

Kwaya ilifuata, ikiimba juu ya umoja, kazi na viongozi wa taifa. Kisha ukaja wakati wa kichekesho, na baada yake igizo refu, ambalo mara nyingi lilihusu mambo ya nyumbani: mume mhuni, mama mkwe mkorofi, ndugu wa kijijini aliyefika mjini bila taarifa, au mganga wa uongo.

Igizo hilo halikuwa na maandishi. Kiongozi aliwapa waigizaji mkondo wa hadithi, nao wakatafuta maneno yao wenyewe jukwaani. Utaratibu huo ulitokana na mahitaji ya kazi. Watazamaji walikuwa wale wale kila wiki, hivyo hadithi zililazimika kubadilika haraka, na hapakuwa na muda wala mshahara wa mtu wa kuandika. Ulikuwa na faida nyingine pia, kwani mwigizaji aliyeona ukumbi unacheka alirefusha mambo, na aliyeona ukumbi umenyamaza aliharakisha.

Watazamaji nao hawakukaa kimya. Walimzomea mume mhuni, walimwonya mke aliyekuwa akidanganywa, na walimjibu mganga.

Mwisho kabisa ilikuja taarab, ambayo ndiyo iliyowafanya wengi wasiondoke mapema. Hapo mipaka ya jukwaa ilitoweka. Mwanamke aliinuka, akaenda mbele kwa madaha akiwa na noti mkononi, akamtunza mwimbaji pale ubeti fulani ulipofika. Kila aliyekuwapo alielewa kwamba noti ilikwenda kwa mwimbaji, lakini ujumbe ulimwendea mtu mwingine aliyeketi humo humo ukumbini. Huo ndio mpasho, na ndani yake mtazamaji aligeuka kuwa mwigizaji bila kutamka neno.

Kutoka Azimio hadi baa

Chimbuko la mseto huo ni sera ya utamaduni. Desemba 10, 1962, katika hotuba yake akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilianzishwa katika miaka iliyofuata, na baadaye vikaongezwa vya sarakasi na maigizo. Wanasarakasi wa kwanza walikuwa vijana waliopelekwa China kujifunza katika miaka ya 1960.

Kisha lilikuja Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini hapa mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5 mwaka huo. Kuanzia hapo sanaa ilipewa kazi ya kuelimisha umma juu ya ujamaa na kujitegemea. Ngonjera, mashairi ya majibizano yaliyoenezwa na Mathias Mnyampala, zilisikika shuleni na kwenye mikutano ya hadhara. Mashirika ya umma, viwanda na majeshi yaliunda vikundi vyao vya ngoma na kwaya.

Vikundi vya taifa vilivunjwa miaka ya 1970 ilipokuwa inafikia ukingoni, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Lakini miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Msanii hakuweza kuishi kwa kutumbuiza wageni wa serikali peke yake. Alihitaji mtu wa kulipa, na mtu huyo alipatikana baa.

Makubaliano yalikuwa rahisi: kikundi kilichukua kiingilio, mwenye baa akachukua mauzo ya vinywaji. Makubaliano hayo yanaeleza sura nzima ya onyesho. Lilikuwa refu kwa sababu mteja anayekaa sana hunywa zaidi. Lilikuwa la mchanganyiko kwa sababu waliolipa walitoka makabila mbalimbali, nao walikuwa wa rika zote na ladha tofauti. Urithi wa sera, yaani ngoma za mikoa yote na kwaya za kusifu taifa, ulibaki ndani yake, lakini sasa uliketi pamoja na vichekesho na mipasho ambavyo hakuna ofisi iliyoviagiza.

Mambo ya namna hiyo yametokea kwingine. Mwaka 1947, mji wa Edinburgh huko Uskochi ulipoandaa tamasha kubwa la sanaa, vikundi vinane vilifika bila mwaliko na kujitafutia kumbi pembezoni. Leo tamasha hilo la pembezoni ni miongoni mwa matamasha makubwa kabisa ya sanaa duniani. Tofauti ni kwamba wa Edinburgh walikuwa na tamasha rasmi la kusimama kando yake. Wasanii wa Dar es Salaam walikuwa na meza za baa.

Katika mazingira hayo kilitamba kikundi cha Muungano Cultural Troupe, chini ya Norbert Chenga. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, Chama Cha Mapinduzi nacho kilipata Tanzania One Theatre (TOT), kilichoongozwa na Kapteni John Komba, aliyefariki dunia Februari 28, 2015. TOT ilimleta jukwaani Khadija Kopa, aliyetoka kikundi cha Culture Musical Club cha Zanzibar. Ushindani wa vikundi hivyo viwili ulijaza kumbi, na mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga.

Sababu za kumeguka

Aghalabu lawama hupewa televisheni, na ni kweli kwamba vituo vya kwanza vya Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Waigizaji walipata uwanja mpya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Kaole Sanaa lilikuwa likifuatiliwa sebuleni kupitia ITV. Kutoka huko baadhi yao, akiwamo marehemu Steven Kanumba, waliingia katika filamu. Vichekesho navyo vilihamia kwenye luninga.

Hata hivyo, sababu ya ndani zaidi ni hesabu. Onyesho zima lilihitaji makumi ya wasanii, mavazi, vyombo na gari la kuwabeba. Kilichovuta watu wengi mlangoni kilikuwa taarab. Ilikuwa suala la muda tu kabla wanataarab hawajajiuliza kwa nini wagawane mapato na wacheza sindimba. Bendi zinazojitegemea, kama East African Melody na baadaye Jahazi Modern Taarab, iliyoanzishwa mwaka 2006, zilithibitisha kwamba taarab inaweza kujaza ukumbi bila kusindikizwa na ngoma wala igizo.

Wenye nguvu walipoondoka, wanyonge walibaki wazi. Kiingilio kimoja kilikuwa na maana ya mfuko mmoja: aliyekuja kusikiliza mipasho alimlipia bila kujua mpiga ngoma, na aliyekuja kwa ajili ya nyoka alimlipia mwigizaji. Mfuko ulipogawanywa, ngoma ilibaki na mnunuzi mmoja mkubwa, ambaye ni mtalii.

Somo kwa Arusha

Hapo ndipo habari inaporudi chini ya Mlima Meru. Katika jiji hili la utalii ngoma haijakosa soko, lakini soko hilo lina masharti yake. Mgeni anayeamkia safari ya Serengeti hataki onyesho la saa nne, na hajui Kiswahili. Anataka ngoma fupi isiyo na maneno mengi. Kwa hiyo igizo, kichekesho na mpasho, yaani zile sehemu ambazo mwenyeji angezicheka na kuzijibu, hazina nafasi hotelini.

Si kwamba mseto hauwezekani tena. Kundi la X Plastaz, lililoundwa Arusha mwaka 1996, liliunganisha muziki wa kufokafoka wa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, msanii wao Merege akisimama jukwaani na rubega lake pembeni ya vijana wa mjini. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitoka mwaka 2004 na kuwafikisha Ulaya. Kifo cha mwanachama wao, Faza Nelly, mwaka 2006 kilikuwa pigo, lakini walikuwa wameonyesha kwamba mtazamaji hulipa kuona vitu viwili vinavyodhaniwa havipatani vikikutana jukwaani.

Wala wenye ujuzi hawakosekani. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River, kinafundisha shahada ya muziki. Kumbi nazo zipo: ukumbi wa Simba katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa (AICC) unachukua watu wapatao 1,350, ingawa ulijengwa kwa ajili ya mikutano.

Historia ya vikundi vya Dar es Salaam inaonyesha kwamba ukumbi mkubwa wala diploma si mwanzo wa jambo. Kilichoanza ni makubaliano ya kugawana kiingilio, mahali ambapo watu walikuwa tayari wamekaa, na lugha ambayo kila aliyekuwapo aliweza kuijibu. Baa za Arusha zina watu kila jioni, na Kiswahili hakihitaji kuagizwa. Lililo gumu ni la kwanza: nani, kati ya wale wanaojaza kumbi peke yao leo, atakayekubali mpiga ngoma ale naye katika sahani moja?