Prius au Insight: Pima Kabla ya Kununua
Ndugu askari, uhaba wa petroli ulioikumba Bujumbura katika miaka ya 2022 hadi 2024 ulimfundisha kila mwenye gari thamani ya lita moja. Ndiyo maana yafaa kuyapima magari ya haibridi, yatumiayo petroli pamoja na umeme wa betri. Mahasimu wa tangu zamani ni Toyota Prius, iliyotoka Japani mwaka 1997, na Honda Insight, iliyofuata mwaka 1999.

Prius huweza kwenda polepole kwa umeme peke yake, injini imezimika. Katika Insight ya mwaka 2009, yenye injini ya lita 1.3, kazi kubwa ya mota ni kuisaidia injini. Lakini gari lenyewe ni jepesi zaidi. Yote mawili hujaza betri mteremkoni: atokaye Bugarama hupata umeme bila kulipa faranga.

Basi, kwa msongamano wa mjini, Prius yashinda. Lakini betri iliyochakaa huweza kumeza akiba yote ya petroli. Kabla ya kulipa, fundi aipime. Na katika Prius, atazame tundu la feni kando ya kiti cha nyuma, lisiwe limezibwa na vumbi. Betri nzima ni bora kuliko jina.