Fouga iliyonaswa Luano, na iliyobaki juu ya Likasi

Ndege ya vita ya adui ikinaswa, mafundi huikarabati, huipaka alama za jeshi lililoinasa ili wenzao wasiitungue, kisha rubani huirusha kutafuta udhaifu wake. Juni 1942, Zero ya Wajapani ilipinduka kwenye kinamasi katika kisiwa cha Akutan, Alaska, na rubani wake, Tadayoshi Koga, akafa. Wamarekani waliikarabati San Diego, na Septemba ikaruka tena. Ikabainika kwamba ikienda kasi sana usukani wake huwa mzito, na pua ikishushwa ghafla injini hukatika. Marubani waliopigana Pasifiki wakafundishwa kuikimbia kwa kupiga mbizi.

Katanga, jimbo la Kongo, nako ndege ilinaswa, ila huko walioinasa hawakukosa maarifa, bali ndege za kivita. Mwanzoni mwa 1961, serikali ya Moïse Tshombe iliyojitenga na Kongo ilipata Fouga Magister 3 zilizoundwa Ufaransa. Hizo ni jeti ndogo za kufundishia marubani, za viti viwili, zenye mkia wa umbo la V. Katanga ilizipeleka vitani na bunduki za rashasha puani na mabomu chini ya mabawa. Moja ilianguka. Agosti, askari wa Umoja wa Mataifa wakaikamata ya pili uwanjani Luano, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Ikabaki moja, na hiyo moja ilitosha. Kuanzia Septemba 13, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland wapatao 150, chini ya Pat Quinlan, walizingirwa na majeshi ya Katanga huko Jadotville, yaani Likasi. Fouga ilikuja kutoka Kolwezi, ikashuka juu ya mahandaki yao, ikamimina risasi, ikaangusha mabomu, kisha ikajiendea zake. Hakukuwa na wa kuifukuza: Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kivita Katanga. Helikopta moja ilipenya na maji, lakini madumu yalikuwa yamewahi kubeba mafuta, na maji hayakunyweka. Msaada wa barabarani ulikwama kwenye daraja la Lufira. Septemba 17 Quinlan akasalimu amri. Katika kikosi chake hakuna aliyeuawa.

Oktoba Umoja wa Mataifa ukapata ndege za vita: Sabre za Ethiopia, Saab 29 za Uswidi na Canberra za India. Mwishoni mwa Desemba 1962, Saab hizo ziliteketeza ndege za Katanga zikiwa bado chini, uwanjani Kolwezi. Januari 3, 1963, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Jadotville.